Kicheko Hutegwa: Ushauri kwa Wanaoandika na Kuigiza Futuhi

Kikundi cha maigizo kikikaa kuandaa kichekesho, swali la kwanza karibu kila mahali ni hili: tuseme nini watu wacheke? Basi mizaha inakusanywa, mmoja anafungwa mto tumboni, mwingine anapakwa masizi usoni, wa tatu anavalishwa dera ajifanye bibi. Dakika tano za kwanza ukumbi unaangua kicheko. Kufika dakika ya ishirini watu wameshatoa simu zao, na waigizaji wakiona hivyo wanapaza sauti na kukunja nyuso zaidi, jambo linalozidi kuwachosha waliokuja kuburudika. Tatizo si uchache wa mizaha, ni swali lenyewe. Futuhi ya jukwaani hujengwa kwa kupanga nani anajua nini, na anakijua lini. Mhusika anahangaika na jambo lake kwa dhati. Hadhira imeshaona asichokiona yeye. Kicheko kinazaliwa katika pengo lililo baina yao. Anayetaka kuchekesha na ajifunze kutega, kama mvuvi anavyotega dema: kazi kubwa hufanyika kabla samaki hajaingia.

Tuanze na mhusika. Sharti la kwanza ni kwamba asijue kuwa anachekesha. Awe na shida inayomuuma, aitafutie dawa kwa bidii zote, na dawa hiyo imzidishie shida. Mila zetu zinalijua jambo hili zamani. Mtani anapoingia msibani, akaigiza mwendo na sauti ya marehemu, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, watu wenye machozi mashavuni hucheka. Maneno yaleyale yakisemwa kijiweni siku ya kawaida hayana uzito huo. Kinachoyapa nguvu ni msiba uliopo pale, mzito na wa kweli, ambao utani unaugusa bila kuufuta. Ndiyo maana pia mahakama imekuwa shamba lenye rutuba kwa vichekesho, kama kipindi cha Vioja Mahakamani cha Kenya kilivyoonyesha kwa miaka mingi. Kortini kuna hakimu, kuna kiapo, kuna kifungo kinachomsubiri mtu. Mshtakiwa anayejitetea kwa hoja ya ovyo anachekesha kwa kuwa yeye mwenyewe anaiamini, na kwa kuwa mahali penyewe hapana ruhusa ya kucheka. Ukichagua mandhari ya futuhi yako, chagua penye heshima na hatari: posa, usaili wa kazi, mazishi, kikao cha wazee. Mahali ambapo kila mtu tayari anacheka, kicheko hakina cha kuvunja.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika Tartuffe ya Molière, tamthilia iliyoonyeshwa Ufaransa mwaka 1664, ikapigwa marufuku, na kuruhusiwa mbele ya umma mwaka 1669. Orgon ni baba mwenye nyumba aliyetekwa akili na mgeni wake Tartuffe, mnafiki anayejifanya mcha Mungu. Anarudi nyumbani baada ya siku mbili na kumwuliza mtumishi, Dorine, habari za hapo. Dorine anamwambia kwamba bibi wa nyumba alishikwa na homa na kichwa kikamuuma sana. Orgon anauliza hali ya Tartuffe. Tartuffe ni mzima, amenona, mashavu yanang'aa. Orgon anamwonea huruma Tartuffe. Dorine anaendelea: bibi hakuweza kutia kitu kinywani. Orgon anauliza tena habari za Tartuffe. Huyo alikula kwale wawili na nusu ya paja la kondoo. Orgon anamhurumia tena. Hivyo hivyo mara nne: mke anakosa usingizi, mgeni analala fofofo mpaka asubuhi, mke anatolewa damu kwa tiba, mgeni anajimiminia divai bilauri nne kubwa. Zitoe sentensi za Orgon katika mazungumzo hayo, uziandike peke yake kwenye karatasi: hakuna hata moja ya kuchekesha. Ni swali la kawaida na neno la huruma. Kinachovunja mbavu ni kwamba tunaona mapenzi yameelekezwa kusikostahili, na mwenye mapenzi hayo ndiye pekee asiyeona.

Onyesho hilo linafundisha pia namna ya kutumia marudio, mbinu inayopendwa sana na kuharibiwa sana. Mwanafalsafa Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotoka mwaka 1900, alieleza kwamba tunacheka pale binadamu anapotenda kama mashine, akikosa ule wepesi wa kujirekebisha unaotakiwa na maisha. Orgon ni mashine ya namna hiyo: bonyeza popote, jibu ni Tartuffe. Lakini angalia jinsi Molière alivyopanga mizigo yake. Sentensi za Orgon hazibadiliki; kinachobadilika ni habari anazoletewa. Kila mzunguko mke anazidi kuonekana wa kuhurumiwa na mgeni anazidi kushiba. Hiyo ndiyo kanuni ya kushika: jibu libaki palepale, hali izidi kuwa nzito. Kikundi kinachompa mhusika kauli yake ya kurudiarudia bila kuongeza mzigo kinarudia kelele tu. Mara ya tatu watu wanatabasamu kwa adabu, mara ya tano wanapiga miayo.

Mbinu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mama wa nyingine zote, ni kuishirikisha hadhira siri. Wengi wetu tumesoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969. Portia anampa mumewe Bassanio pete na kumwapisha asiivue kamwe. Kisha anajigeuza mwanasheria, anakwenda mahakamani na kumwokoa rafiki wa mumewe, na kama malipo anaomba kitu kimoja tu: ile pete. Bassanio anakataa, anasitasita, hatimaye anaitoa. Tangu hapo kila neno atakalolisema nyumbani ni la kuchekesha, hata lile la ukweli mtupu, kwa kuwa sisi tunajua pete iko wapi. Anaapa kwamba aliipa mwanasheria, na mkewe anamkaripia kana kwamba ameihonga kwa mwanamke. Wote wawili wanasema kweli. Zaidi ya hayo, hata katika kesi yenyewe, kisu kikiwa kimenolewa, Bassanio anatamka kwamba angekuwa tayari kumtoa hata mkewe ili kumwokoa rafiki, na mke huyo amesimama hapohapo ndani ya joho la mwanasheria akisikia kila kitu. Kicheko kinapasuka katikati ya hatari ya kifo, na hakuna aliyetoa mzaha.

Na tuijaribu kanuni hii kwa mali ya nyumbani. Chukua neno mbuzi. Mbuzi ni mnyama, na mbuzi ni kile kibao chenye chuma cha meno cha kukunia nazi. Kila mwanafunzi anaijua tofauti hii na mzaha wake umezeeka. Mwandishi mvivu atamtuma kijana akalete mbuzi, kijana atarudi na mnyama, watu watacheka mara moja, kwisha. Anayejua kutega atafanya hivi. Onyesho la kwanza: mama yuko jikoni, nazi tatu mbele yake, mbuzi yake imevunjika meno, na wageni wanafika jioni. Hadhira inaziona nazi, inakiona chuma kilichovunjika. Anamtuma mtoto kwa kijana anayetaka kumposa binti yake: aje na mbuzi. Onyesho la pili: kijana, asiye na mali ila baiskeli anayobebea mizigo ya watu, anapokea ujumbe na kuketi kimya. Anaamini wakwe wanampima kama anaweza kutunza mke. Anaizunguka ile baiskeli, anaifuta vumbi, anaiuza. Onyesho hilo likiigizwa kwa ukweli linaweza kumtoa mtu machozi, na bado ukumbi utacheka, kwa sababu zile nazi tatu hazijamtoka mtu akilini.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapoingia kazini, na mwandishi asiyeiangalia atajifichulia siri mwenyewe. Mnyama tunasema mbuzi yuko wapi. Chombo tunasema mbuzi iko wapi. Wa kwanza ni mkali, ya pili ni kali. Kiambishi kimoja kikiponyoka, mtego umefyatuka kabla ya wakati. Kwa hiyo mazungumzo ya kijana na mama mkwe, yeye akiwa nje ya dirisha na mama akiwa ndani, sharti yapenye katikati ya viambishi: "Umekuja na mbuzi, baba?" "Nimekuja na mbuzi, mama." "Ahsante, bila mbuzi leo tungeaibika." Kila sentensi ni kweli kwa pande zote mbili. Kiambishi kitunzwe mpaka mwisho, ambapo mama ananyoosha mkono na kusema, "Basi ipitishe hapa dirishani." Ile i- ndogo ndiyo itakayouangusha ukumbi. Na kijana asiseme neno. Alitazame dirisha, aitazame kamba aliyoishika, ambayo ncha yake imepotelea nyuma ya pazia na inavutwavutwa na kitu tusichokiona. Huna haja ya kuleta mnyama jukwaani. Kamba inatosha, na hadhira itamchora mbuzi mkubwa kuliko yeyote ambaye kikundi kingeweza kumkodi.

Kuna wanaopinga, na hoja yao si ya kupuuza. Wanasema kicheko ni mtoto wa mshangao: ukishaieleza hadhira kila kitu, itashangaa nini? Jibu ni kwamba hadhira inaambiwa kinachokuja, haiambiwi kitakujaje. Katika sehemu ya nne ya Tartuffe, mke wa Orgon anamficha mumewe chini ya meza ili ajisikilizie mwenyewe jinsi yule mcha Mungu anavyomtongoza. Tunajua kila kitu kilichomo katika mpango huo, isipokuwa jambo moja: lini Orgon atatoka. Mke anakohoa kumwashiria. Hatoki. Anakohoa tena, mnafiki anazidi kusogea, na meza imenyamaza. Kikohozi ni sauti ya kawaida kabisa duniani, lakini pale kila kikohozi ni kicheko kipya, na mshangao wetu unatokana na ukaidi wa mtu ambaye hata masikio yake hayaamini. Mshangao usio na maandalizi hudumu kufumba na kufumbua. Ulioandaliwa unaweza kuivuta hadhira onyesho zima.

Wengine watasema: mbona Mzee Majuto, marehemu Amri Athumani wa Tanga, aliwachekesha watu kwa kutokea tu, kabla hajafungua kinywa? Ni kweli, na ukweli huo unaunga mkono ninachokisema. Watu walicheka kwa sababu walishamjua mzee yule: tamaa yake, ujanja wake unaomrudia, hasira yake ya kuaibishwa. Akitokea mlangoni na kukuta pesa mezani, hadhira ilishajua kitakachomtokea naye hakujua. Miaka mingi ya kazi ilikuwa imetega kicheko hicho. Mwigizaji chipukizi anayeiga uso wake bila kujenga mhusika wake anaazima paa bila nguzo. Ndivyo ilivyo pia katika suala la lafudhi. Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, aliyeigizwa na marehemu Benson Wanjau, alisemeshwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na wengi waliomfuata wakadhani lafudhi ndiyo iliyokuwa siri. Siri ilikuwa ni mzee anayetaka kuheshimiwa kama kichwa cha nyumba, na mkewe, Mama Kayai, ambaye kila mara alikuwa hatua moja mbele yake. Iondoe lafudhi, kisa kinabaki. Kiondoe kisa, unabaki na dhihaka kwa matamshi ya watu, ambayo wenye matamshi hayo waliomo ukumbini hawatakuwa na sababu ya kuifurahia.

Pingamizi la tatu linatoka kwa vikundi vya vichekesho ambavyo havina mswada. Tanzania ina mapokeo marefu ya vichekesho vinavyobuniwa papo hapo, na wenye mapokeo hayo wanaweza kuuliza utapangaje mambo ambayo hayajaandikwa. Lakini kubuni papo hapo hakumaanishi kuingia jukwaani mikono mitupu. Waigizaji wa Italia wa karne ya 16 na ya 17, mabingwa wa sanaa hiyo, walikuwa na muhtasari wa kisa uliobandikwa nyuma ya jukwaa: nani anaingia, anataka nini, anatoka na nini. Maneno waliyatunga wenyewe, mpango wa siri waliupokea umeshafungwa. Kikundi chako kikipenda kubuni, basi mambo mawili yaandikwe ukutani kabla ya kuanza: kila mhusika anataka nini, na kila mmoja hajui nini. Hayo yakishikwa, mtu anaweza kusema lolote na kisa kisipotee. Yasiposhikwa, kila mwigizaji atavutia mzaha upande wake, na hadhira itatazama watu watano wakigombea kipaza sauti.

Kuhusu muda, ushauri ni mfupi ingawa mazoezi yake ni marefu. Neno lenye siri liwekwe mwisho wa sentensi. "Nilikuja kuposa, nimebaki na kamba" inachekesha. "Kamba ndiyo niliyobaki nayo nilipokuja kuposa" imekwisha kabla haijaanza, kwa sababu watu hucheka neno likitua, na hapa limetua mwanzoni huku mwigizaji bado anaongea. Kicheko kikipanda, mwigizaji asiongee juu yake. Asubiri kianze kushuka, kisha aendelee kabla hakijafa kabisa. Wakati wa kusubiri asisimame kama anayepokea zawadi. Aendelee kuhangaika na shida yake, kwa macho, kwa mikono, kwa pumzi. Akiigeukia hadhira na kutabasamu nayo, amewaambia watu kwamba shida ile haikuwa ya kweli, na kicheko kinachofuata atakilipia mara mbili.

Nikolai Gogol wa Urusi aliliona hili kwa uchungu. Tamthilia yake iitwayo kwa Kiswahili Mkaguzi Mkuu wa Serikali ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1836, na mwandishi hakuridhika na mwigizaji aliyemfanya Khlestakov kuwa mtu wa mizaha. Baadaye aliwaachia waigizaji maelekezo akiwaonya dhidi ya kutia chumvi: mwigizaji asifikirie kuchekesha, afikirie kile kinachomshughulisha mhusika. Tazama onyesho la nyumba ya wageni. Khlestakov, karani mdogo aliyeishiwa, anadaiwa malazi. Meya wa mji, mla rushwa anayeogopa ukaguzi, anaamini kwamba kijana huyo ndiye mkaguzi aliyekuja kwa siri. Wanapokutana, karani anadhani meya amekuja kumkamata kwa deni. Meya anadhani ameshikwa kwa wizi wake. Wote wawili wanatetemeka. Karani anapofoka kwa woga, meya anasikia ukali wa mkubwa. Karani anaomba mkopo wa rubo mia mbili, na meya anamsukumia mia nne akiomba Mungu zipokewe. Ukiwafanya wawili hao wachekeshaji, onyesho limekufa. Waache waogope, nawe utakuwa na moja ya nusu saa za kuchekesha kuliko zote zilizowahi kuandikwa. Na kwa kuwa wanaogopa kweli, kicheko kinawafikia wote waliokaa viti vya mbele wakiwa na sababu ya kuogopa ukaguzi. Kejeli inauma pale inapojengwa kwa ukweli wa mhusika, ambapo hata anayelengwa hawezi kusema ametukanwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuipeleka futuhi yako mbele ya watu, ifanyie jaribio hili. Igizeni mara moja, mwanzo hadi mwisho, kama tanzia. Hakuna kukunja uso, hakuna sauti ya kuigiza, hakuna mto tumboni. Kila mtu ashike shida yake kama ya nduguye. Palipobaki panachekesha, pana mtego, pachungeni, msipaguse. Palipopoa, palikuwa pameshikiliwa na mbwembwe tu: rudini kwenye mswada, mtafute nani hajui nini, na hadhira ioneshwe mapema. Mizaha mkitaka itieni mwisho, kama chumvi. Mpishi haanzi na chumvi ndipo atafute mchele.